Maswali ya Dirishani

Kosa langu la kwanza lilikuwa fomu. Niliitengeneza mwenyewe, nikaipenda, na kwa miezi minne niliwauliza wagonjwa maswali yake yote kumi na moja dirishani, kwa sauti ya kusikika, mbele ya foleni nzima.

Mimi si mtu wa afya. Nilimaliza kidato cha nne, karo ya chuo haikupatikana, nikajifundisha kompyuta kwa simu iliyopasuka kioo, video moja baada ya nyingine, mpaka nikaweza kupanga majedwali. Kituo kimoja cha afya ufuoni, upande wa Muhuru Bay, kilitaka mtu wa kujitolea kuandikisha wagonjwa. Nilienda na rula yangu. Mimi ni mtu anayerudi nyumbani mara tatu kuhakikisha kwamba amefunga mlango, na neno moja lililokatwa hunikosesha raha mpaka niandike ukurasa wote upya. Daftari nililolikuta pale lilikuwa na madoa ya chai na safu zilizoachwa wazi. Nilipoziona nafasi zile tupu nilihisi kama nimeitwa.

Jina, umri, kijiji, chifu, jina la mume au mzazi, umekuja na nani, unaumwa na nini, ilianza lini, na kadhalika. Nilijiwekea sheria kwamba hakuna anayepita mpaka kila kisanduku kijazwe. Mkuu wa kituo alipoziona ripoti zangu za mwezi alisema hajawahi kuona kazi safi namna ile, nami nikatembea na sifa hiyo wiki nzima.

Sasa nieleze asubuhi yenyewe. Ilikuwa siku ya wagonjwa wa presha, benchi likikaribia kujaa, wengi wao wanawake wanaoanika omena, dagaa wa ziwani. Msichana mmoja alifika dirishani saa mbili na dakika kumi na saba. Nakumbuka dakika kwa sababu niliziandika. Alikuwa amejifunga leso mbili, moja juu ya nyingine, na midomo yake ilikuwa imepauka, jambo ambalo nililiona bila kulitilia maana. Alisema ana miaka ishirini na miwili.

"Unatoka wapi?"

"Remba."

"Remba ni kisiwa cha kaunti ya Homa Bay. Mbona hukwenda Mfangano, au Mbita? Hapa ni Migori."

Aligeuka kidogo akaangalia waliokuwa nyuma yake. "Nimekuja tu huku."

Niliandika Remba, nikaweka kinyota cha kuonyesha mgonjwa wa nje ya kaunti.

"Jina la mume?"

Alivuta leso ya juu akaikaza kiunoni.

"Au la mzazi."

"Wacha hiyo."

"Siwezi kuiacha wazi, dada."

Alitaja jina moja la kiume, haraka, na nadhani alilitunga pale pale. Nikaliandika vizuri.

"Unaumwa na nini?"

"Sista yuko? Yule wa miwani?"

"Utamwona zamu yako ikifika. Unaumwa na nini?"

Alisogeza uso karibu na vyuma vya dirisha. "Hii karatasi inaenda kwa polisi?"

Ningeweza kusema hapana na kuishia hapo. Lakini mimi huogopa kusema jambo nusu. Nilifikiri sawasawa, nikamjibu kwa ukamilifu: "Hapana. Nakala inakaa hapa, na hesabu ya mwezi inapelekwa kwa ofisi ya kaunti."

"Kaunti."

"Serikali ya kaunti, ndiyo."

"Basi andika malaria," alisema.

Niliandika malaria, nikampa kadi ya namba kumi na tisa, nikamwonyesha pa kukaa. Hakukaa. Alienda mwisho wa ukumbi akatandika gunia sakafuni, akaketi juu yake, mgongo ukutani. Nilimwita mara mbili nikamwambia nafasi ipo kwenye benchi, kwa sababu watu wakikaa ovyo namba zinachanganyika. Alitikisa kichwa. Nikamwona mkaidi. Sikufikiri kwamba mtu anaweza kukataa benchi kwa kuogopa kulichafua.

Namba zilikuwa zinaenda polepole. Nilichora mistari ya ukurasa wa kesho. Kila nilipoinua macho alikuwa pale pale, magoti yamebanwa pamoja, anaangalia mlango wa chumba cha sista kama mtu anayepima umbali.

Karibu saa tano na nusu, mama mmoja wa omena, mkubwa kuliko wote pale, mwenye goti bovu, alisimama kwenda kunywa maji. Akiwa anarudi alipita mbele ya yule msichana, akasimama. Hakumwuliza kitu. Alimtazama, akatazama gunia, akatazama sakafu kando ya gunia. Kisha akaja dirishani kwangu akichechemea.

"Daktari," alisema, ingawa alijua fika kwamba mimi si daktari. "Yule pale umemwandika nini?"

"Malaria, mama. Ni namba kumi na tisa. Bado watu sita."

"Wuoda," akaniambia, na neno hilo, "mwanangu" kwa Kijaluo, alilitamka taratibu kama anayenihurumia, "wewe umesoma mpaka umesahau kuangalia."

Aligeuka, akafungua leso yake ya juu akabaki na gauni, kisha akasema na ukumbi wote kwa sauti ya mtu anayepanga kazi ufuoni. "Nyinyi wanaume, geukeni muangalie ziwa."

Kulikuwa na wanaume watano au sita. Mmoja alicheka akauliza, "Mama, ziwa limefanya nini leo?"

"Limekuzidi akili. Geuka."

Wakageuka. Hata mzee aliyeshika kofia yake kifuani aligeuka, akayatazama maji kwa bidii kama askari. Nilikuwa bado nashangaa niliposikia, "Na wewe wa dirishani."

Nikageuka. Nyuma yangu palikuwa na ukuta mtupu na kalenda, kwa hiyo mimi niliangalia kalenda.

Kwa sababu hiyo sikuona lililotendeka, na kwa kweli siku hizi nashukuru kwamba sikuliona. Nilisikia tu. Nilisikia benchi zima likiinuka kwa pamoja, leso zikikung'utwa, kandambili zikienda kasi sakafuni. Nilisikia mtu akisema, "Nishike shingo, usiogope, mimi ni mzito," na mwingine, "Huyu hana hata kilo, tunabeba omena kuliko yeye." Mlango wa sista ulifunguliwa ukafungwa. Halafu maji yakamwagwa, na nguo ikasugua sakafu.

Nilipogeuka, ukumbi ulikuwa na wanaume na watoto tu. Sakafu pale ukutani ilikuwa imelowa na imetakata. Kwenye benchi walikuwa wameacha kadi zao za namba, moja moja, kila kadi mahali pa mwenyewe. Wapo walioamka alfajiri kuja kupata namba hizo, na waliziacha bila mtu kuwaomba. Nilisimama nikizitazama. Sijawahi kuingia mahali patakatifu nikanyamaza hivyo.

Wale wanawake walipotoka chumbani hawakurudi kwenye foleni. Waliketi sakafuni nje ya chumba cha sista wakaanza kupiga soga, na soga yenyewe ilikuwa ya kelele ya ajabu. Mmoja alisimulia kuku wake anayetagia ndani ya sufuria. Mwingine alisema mume wake hukoroma mpaka mbwa wa jirani anamjibu, na wote wakacheka kwa kupiga mapaja.

"Wewe naye, unamwamsha?"

"Nimwamshe nani, mbwa au yeye?"

Nilikasirika kidogo, nikijiambia kwamba hawana haya, mwenzao ni mgonjwa. Ilinichukua muda kuelewa. Kila sauti ilipotoka ndani ya chumba, kicheko kilipanda juu yake na kuifunika. Hakuna mtu yeyote kwenye ukumbi ule aliyemsikia msichana yule akilia. Walimjengea ukuta wa kuku na mbwa na kukoroma, na hawakuubomoa kwa zaidi ya saa nzima.

Sista alipotoka, miwani yake ilikuwa na ukungu wa jasho. Ni muuguzi mfupi, mtulivu, ambaye husema na wagonjwa kama anayewasimulia mambo ya jana. Alikuja upande wangu wa dirisha akafunga mlango.

"Nionyeshe ulichomwandikia."

Nikamwonyesha.

"Amefika saa mbili na dakika kumi na saba," alisoma. "Kwangu ameingia saa tano na nusu."

"Ndiyo, sista."

"Mwandiko wako ni mzuri." Hakuwa ananikejeli, na hilo ndilo lililoniumiza. Kama angenifokea ningejua pa kujificha.

Aliniambia kwa maneno machache. Mimba ilikuwa imetoka siku tatu nyuma na haikutoka yote. Alikuwa akivuja damu tangu hapo, na homa ilikuwa imeanza. Sista alimsafisha kizazi, akamtundikia maji, akampa dawa. Angechelewa zaidi, angehitaji damu, na damu iko hospitali ya Migori, na ambulensi ilikuwa imepeleka mgonjwa mwingine. "Ningekuwa nahesabu kilomita za barabara ya Migori saa hizi," alisema.

Nikamwuliza swali ambalo sasa naona aibu kuliandika. Niliuliza ilitokaje.

"Sijui," alisema. "Sijamwuliza. Iwe imetoka yenyewe au imetolewa, damu ni ile ile, na kumtibu si kosa. Wengi wao wanafika kwangu wakiwa wamechelewa kwa sababu ya watu wanaotaka kujua."

Hakusema watu hao ni nani.

Msichana alilala kituoni. Kesho yake, karibu saa nne, alikuwa ameketi kwenye benchi, kikombe cha uji mkononi, na yule mama mwenye goti bovu kando yake akimsubiri wapande boti pamoja. Nilistaajabu kumwona ameketi. Jana yake alikuwa na rangi ya majivu, na sasa alikuwa anapuliza uji uliokuwa moto. Sijui mwili wa mwanamke umeumbwa kwa kitu gani, lakini nilipouona ukirudi namna ile, nilitaka kuvua viatu.

Nilikuwa nimekariri maneno ya kuomba msamaha tangu alfajiri. Yote yakanipotea.

"Dada, jana nilikosea."

"Ulikosea wapi? Uliandika vizuri sana."

Yule mama akacheka ndani ya kikombe chake. "Muache, ataandika hata hiyo samahani na tarehe."

Msichana alitabasamu kidogo. Kisha, labda kwa sababu nilikuwa nimesimama tu kama mlingoti, alinieleza. Siku ya kwanza alienda kwa muuza dawa pale Remba, akaulizwa mimba ilikuwa ya nani. Akarudi chumbani kwake. Siku ya pili alitaka boti ya Mbita, na mwenye boti akamwuliza, mbele ya abiria, anaenda kufuata nini hospitali na haonekani mgonjwa. Akashuka. Mama mwenye nyumba akamwuliza leso anazofua zina nini.

"Wewe ulikuwa wa nne," aliniambia.

"Na kwa nini ulikuja mpaka huku?"

Lilinitoka kabla sijalizuia. Yule mama aliinua macho kuniangalia, lakini msichana hakukasirika.

"Kule kisiwani wanawake wanasema ng'ambo hii kuna sista mwenye miwani, yeye haulizi. Unaingia, anakutibu. Basi nikapanda boti ya omena." Akanywa uji. "Sikuambiwa kuna mtu amekaa mbele yake."

Habari ile ilikuwa imevuka maji bila tangazo ukutani na bila ripoti, kutoka mdomo wa mwanamke mmoja hadi sikio la mwingine, juu ya magunia ya omena, mpaka ikamfikia aliyeihitaji kwenye kisiwa cha kaunti nyingine. Mtu anavuja damu, anapita vituo vilivyo karibu, anavuka ziwa kumfuata mtu mmoja asiyeuliza. Na mlangoni pa mtu huyo nilikuwa nimekaa mimi, na rula yangu, nikiwa na maswali kumi na moja.

Waliondoka kabla ya saa sita. Msichana hakuniaga kwa namna yoyote ya pekee. Aliniambia erokamano, kama wanavyoshukuru wote, akashika mkono wa yule mama, wakateremka ufuoni, na kati yao wawili ni mama mwenye goti bovu aliyehitaji kushikwa.

Nilirudi dirishani nikaiangalia ile fomu. Nilijaribu kuirekebisha, kwanza nikipunguza maswali mpaka saba, halafu matano, na kila mara nikijitetea kichwani mwangu mwenyewe. Jioni nilimpelekea sista fomu ya kwanza, yenye maswali yote kumi na moja. Alichukua kalamu yangu akakata mistari tisa, bila rula, mistari imepinda, na kwa mara ya kwanza sikutamani kuuandika ukurasa upya. Mkuu wa kituo alilalamika juu ya nafasi zilizo wazi. Sista alimwambia zitajazwa ndani, na zikawa zinajazwa ndani.

Vifaa vya kusafishia kizazi bado huisha, na vikiisha mgonjwa hutumwa Migori, na barabara ni ile ile. Kuna wanawake wanaochelewa visiwani hata sasa, na hao siwezi kuwafikia kutoka dirishani.

Siku hizi ninauliza mambo mawili tu: jina ambalo mtu angependa nimwite, na umri. Mwanamke akisema anataka kumwona sista, anaingia saa hiyo hiyo, na simwulizi sababu.