Shingo ya Duara

Bibi Pindo alipewa jina hilo kwa sababu alimtazama mtu pindo kabla ya uso. Alikuwa fundi cherehani. Akishakupima, umepimika, harudii. Mume alipokufa, macho yakapungua na kumbukumbu ikaanza kuvuja kama ndoo kuukuu, wanawe wakampeleka nyumba ya wazee. Hakulia. Alikagua mapazia, akasema, "Aliyeshona haya alikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Balaa lilitokana na neno. Muuguzi mpya alikuja na sare inayombana kooni. Bibi akamkazia macho asubuhi nzima, mwishowe akamwita, "Mwanangu, lete mkasi nikukate shingo."

Muuguzi aliacha sinia la chai palepale, akatoka mbio.

Daktari akaambiwa bibi anatishia kuua, na tena huzungumza na wateja wasioonekana. Akaandika vidonge, vile vya wenye kichaa. Bibi akatulia kweli. Alitulia mpaka kidevu kikalala kifuani, mate yakamchuruzika, miguu ikawa mizito kama ya kuazima. Siku moja akaanguka akienda chooni. Watu wakasema amekuwa mpole. Upole wa gogo huo.

Mdogo wake, aliyekuwa akimshonea vifungo enzi za kazi, akaja kumwona. "Dada! Dada, ni mimi." Dada akafungua jicho moja, akalifunga.

"Mmempa nini dada yangu?"

"Mama, alitaka kunikata shingo!" muuguzi akajitetea.

Mdogo mtu akaitazama ile kola. Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Hata mimi ningekukata! Shingo ya duara au ya V? Wewe hujawahi kushonewa nguo?"

Daktari alipoitwa hakucheka. Aliuliza maswali, kisha akaanza kupunguza dawa kidogo kidogo, maana haiachwi ghafla. Akaonya kuwa si yote yatakayorudi. Usahaulifu ni ugonjwa mwingine, na vidonge vile havikuwa tiba yake.

Yalirudi machache. Mate yalikoma. Jina la mdogo wake bado humponyoka. Ila asubuhi moja, muuguzi alipoinama kumvisha viatu, kidole kikavu kilipenya kati ya kola na koo, kikazunguka taratibu.

"Bado inabana," bibi akasema.

Muuguzi akainuka, akaenda kutafuta mkasi.