Shimo Jeusi Nililolipeleka kwenye Posa

Watu wa hapa kwetu Masoko wakinicheka nawaacha wacheke, maana aibu hii sikusingiziwa, nilijitia mwenyewe kwa mdomo wangu huu huu. Lakini kwanza niwaambieni habari ya pweza. Nilipokuwa mtoto nilifuatana na mama mwambani, siku za bamvua, maji yamekauka, nikaingiza mkono kwenye tundu la pweza badala ya kuingiza kijiti, naye akaushika (pweza akishika hana haraka), nikalia mpaka mama akaja kunitoa. Tangu hapo habari yoyote ya shimo naisikiliza kwa masikio yote mawili, na ndiyo maana redio ilipotaja shimo jeusi, huko juu kwenye nyota, linameza kila kitu na hata mwanga ukiingia hautoki, niliacha kubangua korosho nikasogeza kiti. Darasa la nne ndio mwisho wangu, lakini hilo niliona nimelielewa.

Haukupita muda dada yangu Zuhura akanifanya mshenga, nikamposee mwanawe Shabani kule Somanga. Binti anaitwa Mwanaidi, anafundisha fizikia sekondari, na Shabani chakula kilikuwa hakimshuki kwa ajili yake (mtoto kakonda, suruali anaishikilia kwa mkono). Posa kwetu haisemwi wazi. Mshenga huzunguka na mafumbo, tumeona ua bustanini, jogoo wetu kapotelea kwenu, na wenyeji nao hujibu vivyo hivyo. Njia nzima Zuhura alinisihi niseme la ua, basi, ninyamaze. Mimi nikaona la ua limechakaa, nyumba ya mwalimu inataka fumbo la kisomi.

Tukafika, wanawake wakaenda nyuma ya pazia, sisi wanaume mkekani, Shabani pembeni yangu. Salamu zilipokwisha nikakohoa, nikamwambia baba wa binti, Mzee Bakari, kwamba nyumba yake kwa uzito na heshima ni kama lile shimo jeusi, apitaye karibu huvutwa, kijana wetu kavutwa, na kilichomo humo hakitoki abadani. Nikatulia ningoje sifa.

Mzee Bakari akajikuna ndevu. "Hakitoki kabisa, mshenga?"

"Hata mwanga, mzee mwenzangu."

"Sasa mwanangu nitamtoaje nikupe?"

Pazia zima likacheka. Mwenye akili hapo angecheka nao akarudi kwenye ua. Mimi nikaapa kwamba redio haisemi uongo.

Mara ikatoka sauti ya Mwanaidi (na mposwa kwa desturi hutakiwa kunyamaza), "Shikamoo babu. Kilichozama humo hakirudi, hapo umesema kweli. Lakini wataalamu wanaamini shimo lenyewe huvujisha joto, kidogo kidogo mno, linapungua, mwisho linakwisha. Hakuna aliyeliona likivuja, ila hesabu zao zinasema hivyo."

Binti wa watu alikuwa ananitupia kamba, niseme basi hata yeye atatoka, nami nikaikata. Nilimjibu kwamba hakivuji kitu, si joto si moshi, nikapiga na mkeka kwa kiganja, nikarudia kwamba aliyemo humo hatoki mpaka kiama.

Zuhura akashindwa kuvumilia. "Kaka, kwani wewe unamposea nani?"

Hapo ndipo nilipojisikia. Nilimwona Shabani kashikilia suruali yake, nikainamia mkeka. Mzee Bakari akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akatengeneza kofia yake.

"Mshenga anasema hatoki, mwenyewe anasema atatoka. Mimi namsikiliza mwanangu. Posa tumeipokea. Ila siku ya kuja kutaja mahari, tafadhalini, leteni mshenga mwingine."

Vigelegele vikapigwa, hakuna aliyenitazama tena. Tangu siku ile sijamposea mtu, wala sitamposea, hata anipigie magoti. Basi pale pale nikainuka taratibu, nikasema naenda kunyoosha miguu, nikavaa makubazi, nikashika njia ya barabara kuu huku pilau inanukia nyuma yangu, na nyumba ile sijaikanyaga tena.