Koki ya Nyuma ya Jiko

Mzee Hatibu alikuwa seremala, na kwa ukaidi alikuwa kama mbao za mninga: ukimpigia msumari, unapinda msumari. Nusu ya milango ya Bigwa kaitengeneza yeye, na nusu ya wenye milango hiyo kashagombana nao. Aliyemweza ni mmoja tu, mkewe Bi Raya, na huyo walimzika kabla ya Ramadhani.

Nyumba waliijenga ujanani, kwenye kiwanja cha mama zake Raya. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Wangepata watoto, wangerithi wao, na baba yao angezeekea humo humo. Hawakujaliwa. Siku ya arobaini shemeji yake, Hamza, kaka yake Raya, alimshika bega mbele ya watu: "Kaa, shemeji. Hapa ni kwako." Hatibu akayashika maneno hayo kama mtu aliyekabidhiwa hati.

Sasa yakaja ya maji. Jikoni, upande wa Asha, binti wa mdogo wake Raya aliyeishi humo nao, bomba lilitema kama limetukanwa. Bafuni kwa Hatibu lilidondosha machozi, tena ya kinafiki. Akamwita Erick, fundi mwenye mdomo mrefu kuliko mabomba yake.

"Shikamoo, mzee. Nyumba hii walijenga Wajerumani?"

"Marahaba. Nimejenga mimi."

"Basi nawaomba radhi Wajerumani."

Hatibu akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Erick alianzia kwenye mita; ndoo ikajaa upesi. Toka mlimani maji yanakuja vizuri, akasema, ugonjwa umo humu ndani. Akafungua bomba la bafuni, akaikagua washa, kile kipira cha ndani. Nzima.

"Itakuwa kutu," Hatibu akasema. "Mabomba ya chuma haya, ya zamani."

"Kutu ina rangi, mzee. Ukigonga inashuka nyekundu." Akaligonga kwa spana. Maji yakaja yale yale, membamba, safi.

"Gonga tena."

Akagonga. Hatibu aliinama akayachungulia, akiyaomba yawe mekundu. Kutu haina nia mbaya na mtu. Kutu haimtaki mtu aondoke.

Wakalifuata bomba ukutani mpaka nyuma ya jiko, pale linapogawanyika. Erick akasogeza kuni. "Hii hapa! Koki imekabwa, imeachwa nafasi ya uzi. Na spana imepita juzi juzi tu, ona chuma kinavyong'aa. Haya, mchawi wenu nani?"

Asha alikuwa mlangoni, mwiko mkononi, machozi yanamtoka.

"Baba mkubwa, mimi nilimkataza," akasema. "Mjomba Hamza anasema hawezi kukufukuza kwa mdomo, watu watamsema. Ukikosa maji utaondoka mwenyewe."

Erick akaiweka spana kwenye koki. "Nifungue, mzee? Ni kuzungusha tu."

Hatibu aliitazama ile koki. Ikifunguliwa asubuhi, jioni itafungwa. Wakigombana juu ya maji, Hamza atahamia kwenye umeme, kisha choo, kisha atafika kule shambani kwao, kwenye kaburi la Raya. Alipofika hapo kimawazo, akakaa juu ya kuni.

"Iache," akasema. "Asha, Hamza akikuuliza, mwambie fundi kaona ni kutu. Na baba mkubwa kaamua kwenda kwa dada yake, Kisaki, kupumzika."

"Unamfichia aibu yake?"

"Namfichia kwa faida yangu. Raya yuko kwenye shamba lao. Nikikosana na Hamza, nitapita wapi kwenda kumsalimia?"

Akaingia chumbani. Asha akamfuata, akamkuta amevuta sanduku lililokuwa chini ya kitanda na kupanga ndani yake kanzu, kofia na randa yake moja. Kanga za Raya zilikuwa bado zimekunjwa kwenye kiti. Aliigusa moja, akaondoa mkono haraka kama aliyeshika mali ya watu.

"Mwanangu," akauliza bila kumtazama, "hii moja, naruhusiwa kuichukua?"