Mfuniko wa Mtaro wa Nyumbani kwa Kifusi

Pale halmashauri ya jiji hakuna aliyemwita msimamizi wa barabara kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Kifusi, naye aliitikia bila kinyongo. Alikuwa mtu wa mwili, mcheshi, buti zake zimegandwa na lami hata sabuni ilizikatia tamaa. Kazi yake ilikuwa kuziba mashimo na kutengeneza mitaro, na akiziba pamezibika.

Meza yake ilikaa katikati. Upande mmoja alikuwa mzee wa usalama, aliyepokea habari za taa za barabarani zilizozimika na mbwa wasio na mwenyewe. Upande wa pili alikaa afisa wa kelele, mwanamke mwembamba mwenye kipima sauti. Siku nzima alisikiliza malalamiko ya redio na mashine za kusaga, ila yeye mwenyewe alizungumza kwa sauti ya chini mpaka umwinamie ndipo umsikie.

Lakini wahenga walishasema, mganga hajigangi. Mtaa wa Kifusi ndio uliokuwa mbovu kuliko yote, na sababu haikuwa uvivu. Msimamizi aliyemtangulia alimwaga lami mpaka mlangoni kwake mwenyewe, na watu walimsema hata akaacha kazi bila kuaga. Kifusi akaapa hatawapa walimwengu cha kusema. Kila zamu ya mtaa wake ilipokaribia, aliisukuma nyuma. "Wa kwetu watangoja," alisema, na moyoni akajiona mwadilifu. Woga nao una ujanja, huweza kujiita uadilifu na mwenyewe akaamini.

Basi siku moja lori la taka likarudi nyuma vibaya, likavunja mfuniko wa zege wa mtaro mbele ya nyumba yake. Pakabaki pengo lenye maji meusi chini. Hasara ilimwangukia mama yake, aliyekuwa akikaa naye. Tangu alipofiwa na mumewe, mama huyo alivuka barabara kila asubuhi kwenda kwa rafiki yake mshonaji, wakakaa kwenye benchi mlangoni, mmoja akishona na mwenzake akimkatia nyuzi. Mshonaji naye miguu ilikuwa imeshamgomea, hakuweza kumfuata. Kifusi akaweka ubao juu ya pengo. Mama aliukanyaga mara moja, ukayumba, akarudi nyuma ameshika goti.

"Baba, mimi siwezi kuanza sarakasi uzeeni," alimwambia mwanawe.

"Vumilia kidogo, mama. Zamu yetu inakuja."

Mama akarudi ndani. Hakulalamika tena, na Kifusi akadhani yameisha.

Wiki zikapita. Asubuhi moja afisa wa kelele akamgeukia huku akizuia kicheko. "Kaka, mtaani kwenu kuna jirani anafanya kazi usiku, mchana ndio analala. Anasema kuna wazee wawili wanapiga kelele kila asubuhi akiingia tu kitandani. Nipeleke ukanioneshe."

Kifusi alikuwa akitoka nyumbani mapema, hakujua lolote. Wakaenda, wakasimama kwenye kona. Na kweli, mama yake alikuwa kizingitini na mshonaji mlangoni kwake, barabara nzima katikati yao, wanaongea kwa kupayuka. Walishamaliza habari ya harusi ya mtu, wakashika ya bei ya vitambaa. Mshale wa kipima sauti ulikuwa unaruka.

Mara mshonaji akapaza: "Mwenzangu, mimi kesho naenda halmashauri kumsema huyo mwanao! Anaziba mji mzima, mama yake amemfungia ndani!"

"Thubutu!" mama akajibu. "Hukuona walivyomla nyama yule aliyemtangulia? Akianza na kwetu watamwandama. Niache nipige kelele, koo langu bado zima."

"Na usipokuwa na koo?"

Mama akainua mkono. "Basi nitakupungia mkono," akasema, na safari hii sauti haikuwa kubwa, ila ilifika.

Kifusi alihisi aibu, aibu hasa. Alikuwa amejilinda na maneno ya watu, kumbe mama yake ndiye aliyekuwa akiyalipia. Afisa wa kelele akazima kipimo chake.

"Nikiulizwa chanzo cha kelele, niseme nini?" akauliza polepole.

"Sema mtaro," Kifusi akajibu. "Mtaje na mwenye mtaro, mimi."

Hakungoja zamu. Kesho yake, jua limewaka na watu wamejaa njiani, lori la halmashauri likasimama mbele ya nyumba yake. Vijana wake walimtazama kwa mshangao, naye akawaambia washushe zege, wasiwajali watu. Wakatoa vipande vilivyovunjika, wakasafisha mtaro, wakalaza mfuniko mpya, kisha wakaushindilia pembeni kwa kokoto. Kifusi mwenyewe akarukaruka juu yake kwa uzito wake wote, na mfuniko haukutikisika.

Muuza mkaa wa pale mtaani akasimama na baiskeli yake juu ya kokoto mpya. "Aa, bosi! Leo mmejikumbuka wenyewe?"

Wapita njia wakacheka. Mwingine akadakia kwamba alijua tu, wakubwa ni walewale, huanza na kwao. Yalikuwa maneno yaleyale ambayo Kifusi aliyakimbia miaka yote. Akafuta jasho kwa mkono wa shati. Mama yake alikuwa ameshatoka kizingitini, amebeba mkasi wake wa kukatia nyuzi, anapima hatua.

"Ni kwetu, ndiyo," Kifusi akasema. "Semeni mpaka mchoke. Lakini sogeza baiskeli kwanza, mama yangu anavuka."