Gari la Kuwashwa na Watu Wawili

Tangu rafiki yake Pravin afariki, Jumamosi za Zephaniah Rono zilikuwa ndefu kupita kiasi. Siku nyingine alijua kuzizunguka: Jumatatu kufua, Jumatano maktaba, Ijumaa kupima presha, Jumapili kanisa na simu ya binti yake Tatiana, aliye Aberdeen, ambaye humuuliza kwa Kiingereza kama amekula. Jumamosi haikuzungukika. Kwa miaka kumi na mmoja ilikuwa siku ya Shosho.

Shosho, yaani bibi, alikuwa gari. Ford Model T la mwaka 1923, jeusi, lililoungwa Manchester, lenye magurudumu membamba. Usicheke. Kabla yake gari lilikuwa kitu cha matajiri. Ndipo kiwandani wakapanga watu kwenye mstari, gari likawa linapita mbele yao, kila mtu akikaza nati yake, hadi yakatoka zaidi ya milioni kumi na tano, na mkulima na mwenye duka wakapanda gari lao wenyewe. Zephaniah, aliyetengeneza mabasi ya London miaka ishirini na sita, alikuwa akisema mabasi yote yale ni vitukuu vya Shosho, na hakuna hata moja lenye adabu.

Alikutana na Pravin kwenye duka la dawa la Pravin, pale Ilford, mashariki mwa London. Zephaniah alikuwa akinung'unika kwa Kiswahili kuhusu foleni, na yule Mhindi mzee nyuma ya kaunta akainua macho.

"Mzee, wewe mtu wa Nakuru?"

"Nakuru, Section 58."

"Mimi nimezaliwa karibu na stesheni! Wewe najua spana?"

Basi ikawa hivyo. Pravin alikuwa amenunua Shosho akiwa vipande ndani ya masanduku, na hakujua hata pa kuanzia. Babu yake alikuwa na gari kama hilo, akipeleka chumvi na vitambaa Subukia. Tangi la petroli la Model T liko chini ya kiti, na petroli huteremka yenyewe kwenda kwenye injini. Kwenye mlima mkali, tangi likiwa na kidogo, haifiki. Kwa hiyo babu alipanda vilima kinyumenyume, ili tangi liwe juu ya injini, na watu wa Subukia walimzoea kama mgeni anayetanguliza mgongo. Pravin alisimulia kisa hicho kila mwezi, na kila mwezi Zephaniah alicheka kwa dhati.

Walichukua miaka mitatu kumuunga. Siku Shosho alipounguruma mara ya kwanza, Pravin alilia bila haya, kisha akapeleka samosa kwa majirani wote.

Kumwasha kulitaka watu wawili, au ndivyo walivyopenda kuamini. Mmoja hukaa kwenye usukani, ameinua juu kabisa kile kijiti cha kushoto kinachochelewesha cheche. Mwingine huinama mbele ya gari na kuvuta hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini. Mwaka wa kwanza wa kumwasha, Pravin alisahau kijiti, hendeli ikarudi kwa nguvu, nusura imvunje Zephaniah mkono. Tangu siku hiyo Pravin hakuruhusu hendeli ivutwe kabla hajauliza.

"Kidole gumba iko wapi?"

"Iko nje, bwana."

Maana hendeli hushikwa kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vingine, kisije kikanaswa. Miaka yote iliyofuata Pravin hakukosa kuuliza hata mara moja.

Pravin alikufa Februari. Mwezi wa tano mwanawe Arjun, mzaliwa wa Ilford, kijana mstaarabu asiyejua nati na boliti, alipiga simu akasema amepata mnunuzi. Gereji anataka kuigeuza ofisi. Alitafuna maneno, kisha akaongeza, "Lakini Uncle, huyo mama anataka linalowaka. Likikataa, halichukui. Basi litakaa tu, na wewe utaendelea kuja."

Maneno hayo Zephaniah alilala nayo.

Jumamosi alifika mapema, akafunguliwa gereji, akaachwa peke yake. Alifuta boneti iliyokuwa safi. Kisha akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya gari, akafunga koki ya petroli. Alikuwa na miaka sabini na mbili, na hakuwahi kuharibu gari la mtu kwa makusudi. Alijiambia si kuharibu. Aliona aibu hata hivyo.

Mnunuzi, Poonam, alitoka Hounslow na gari la kubebea magari. Arjun akakaa kwenye usukani. Zephaniah alimwinulia kijiti mwenyewe, akaenda mbele, akainama, akashika hendeli.

Akangoja. Alikuwa anangoja swali.

"Uncle, uko sawa?" Arjun aliuliza.

Zephaniah akavuta. Shosho akawaka papo hapo.

Fundi mzima alikuwa amesahau jambo ambalo hata mwanagenzi analijua: koki ukiifunga, kabureta bado ina petroli yake ndani. Dakika moja, pengine moja na nusu. Poonam alipiga makofi. Arjun alicheka kicheko cha baba yake hasa. Zephaniah akakimbilia kijiti akakishusha, injini ikatulia, ikawa inaimba vizuri, na moyo wake ukafurahi kabla hajaupa ruhusa.

Kisha ikakohoa mara moja.

Alijua nini kinafuata. Angesimama tu, mikono mfukoni, na Shosho angekuwa wake Jumamosi ijayo, na nyingine. Lakini angelazimika kumsikiliza akifa, mbele ya mtoto wa Pravin, naye ndiye amemnyonga. Hakuweza. Alipiga magoti kwa haraka iliyoumiza goti lake, akapapasa chini ya gari, akafungua koki. Shosho akakohoa tena, akashika.

"Ni nini?" Poonam aliuliza.

"Koki. Niliifunga mimi," Zephaniah alisema.

Walipomaliza kulifunga gari kwa mikanda, alimwonyesha Poonam namna ya kushika hendeli. "Utahitaji mtu wa pili," alimwambia.

"Nina mume wangu," Poonam alisema.

"Vizuri. Vizuri sana." Alimaanisha, na ilimuuma.

Arjun alimkumbatia, akamwambia aje wakati wowote. Zephaniah akaitikia, kama mtu anavyoitikia.

Nyumbani, ghorofa ya nne, alijaza birika maji ya chai. Alipoliinua aliona ameshika mpini kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kimelala kando ya vingine. Akasimama hivyo jikoni, birika likimlemea.

"Kidole gumba iko wapi?" akauliza kwa sauti.

Akangoja kidogo.

"Iko nje, bwana," akajijibu, akabandika chai ya mtu mmoja.