Babu Yetu wa Makumbusho

Kwa miaka nimekana kwamba nahitaji miwani. Leo nakiri.

Kwenye tovuti ya makumbusho ya Uingereza niliona mchoro wa dhihaka wa karne ya kumi na tisa: mtu mnene, kilemba kikubwa, ndevu zimemjaa kifuani. Mimi, msomi wa familia, nikatangaza kuwa ni babu yetu aliyewahi kutoka Unguja kwenda London. Dada yangu Zuwena akauchapisha, akautundika sebuleni kwake, mtaa wa Hamriya, maana watu waliokuja kumposa binti yake walikuwa wakichunguza sana asili yetu.

"Huyu ndo mkubwa wetu," akawaambia. "Tazameni heba hiyo!"

Baba wa bwana harusi akausogelea. "Mbona kavaa hereni?"

"Mambo ya zamani," nikamjibu.

Hapo akanipigia mpwa wangu Salma anayesoma London, niliyemtuma makumbusho akaulizie jina la babu. Kwa majivuno nikaweka spika, wote wasikie.

"Shangazi, mnajivunia nini? Huyo si babu! Ni bibi wa Kizungu, vilemba vilikuwa fasheni yao. Na hizo ndevu ni kijibwa chake, kakikumbatia kifuani."