Mbuzi Waliolamba Mshipi Wangu

Cheka kwanza. Cheka umalize, halafu utulie nikusimulie, maana nimechoka kukatizwa katikati na watu wanaojidai kujua yaliyonipata kuliko mimi niliyekuwepo. Haya si ya kuambiwa. Yalinipata mwenyewe huko Ngaremara, jua likiwa bado juu ya miti, na sikuwa nimeonja pombe. Mama yangu alikuwepo. Muulize, kama unaweza kusimama mbele yake akikukazia macho.

Mimi ni Mturkana na ninavua samaki wa baharini. Najua, hilo peke yake linawashinda watu kuamini kuliko hayo mengine. Miaka ya sabini ikielekea kwisha niliajiriwa kazi ya kuunganisha simu, nikapelekwa Malindi, msichana ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya mto Ewaso Nyiro ukifurika. Ofisini kulikuwa na karani mmoja, Mzee Kahindi, ambaye kila Jumapili alikwenda gatini na fimbo ya kuvulia. Hakuwa na njaa wala hakuuza. Alivua kwa raha tu. Siku moja nilimfuata nione hiyo raha iko wapi, akanionyesha jinsi ya kurusha, na mara ya tatu kolekole akauma. Wewe umewahi kuvutana na kolekole? Basi hujui. Nilipiga kelele gati zima likageuka, na kuanzia hapo Jumapili zangu zilikuwa na mwenyewe.

Nilinunua fimbo yangu, ndefu, na rili yake, lile gurudumu la kukunjia mshipi. Nikajifunza kurusha kutoka ufukweni, chubwi, kile kipande cha risasi kinachoupa mshipi uzito, ipite juu ya mawimbi yanayovunjika na kutua kule kwenye maji tulivu. Wanaume walinitazama. Nikawaacha watazame.

Halafu nikahamishiwa Isiolo. Nilipanga chumba mtaa wa Chechelesi, fimbo nikaining'iniza juu ya kitanda, na kila likizo nilipanda basi kurudi Malindi kuvua. Miezi ya katikati sikutaka mkono usahau. Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda kwa Mama, Ngaremara, nje kidogo ya mji, nikasimama kwenye ule uwanda nyuma ya boma na kurusha. Bila ndoana, chubwi peke yake. Inapaa, inatua kwenye vumbi, naikunja, narusha tena. Malori ya Marsabit yalipunguza mwendo barabarani ili watu waone mwanamke anayevua mchanga. Mjini nikapewa jina, Mvuvi wa Vumbi. Niliwaambia nikipata nitawauzia kwa bei nafuu, na Jumamosi iliyofuata nikarudi kurusha.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo mambo yalipoanzia. Ukitoka baharini unatakiwa kuusuuza mshipi kwa maji matamu, la sivyo chumvi inaula, na rili inashika kutu. Malindi hilo si kazi, mfereji uko pale. Lakini likizo moja basi liliondoka mapema, nikaufunga mshipi na chumvi yake yote, mweupe kama umepakwa unga, nikafika nao kwa Mama.

Huo ulikuwa mwaka wa ukame. Hata nikikueleza hutaelewa kama hukuwa na mifugo. Ng'ombe walikuwa wameisha. Ngamia wa watu walikuwa wamepelekwa mbali, Sericho na kupita, na huko nako hakukuwa na maji. Mama alibaki na mbuzi wachache tu, na maziwa ya mbuzi hao ndiyo yaliyokuwa chakula chake. Mshahara wangu ulinunua unga, ndiyo, lakini Mama hakuwa mtu wa kuishi kwa unga wa dukani. Mbuzi wakifa, naye anakwenda. Aliniambia hivyo hivyo, bila kulia.

Ningeanzaje kumwaga maji juu ya uzi mbele ya mwanamke aliyeyafuata na punda tangu alfajiri? Nikamwambia nitausuuza nikirudi mjini. Mama akaupitisha mshipi kidoleni, akaonja. "Hii ni chumvi," akasema kwa Kiturkana. "Unataka kumwaga chumvi na mbuzi wangu wamekonda hivi?" Kwetu chumvi ni dawa ya mifugo. Watu wanaswaga wanyama siku nyingi kuifuata ardhini. Basi tukaufungua mshipi wote, tukaufunga kutoka mgunga hadi mgunga, tukawaachia mbuzi. Waliulamba mpaka ukang'aa. Waliilamba hata chubwi. Mama alifurahi sana, na mimi nikafurahi kumwona akifurahi. Mtu wa pwani asingefanya hivyo, na mtu wa bara asiyevua asingekuwa na mshipi wa kulambisha. Ni sisi tu tungeweza kukosea namna ile.

Jumamosi iliyofuata, baada ya chai ya saa kumi, nikatoka kurusha. Chubwi ikapaa vizuri. Nikangoja nione vumbi. Vumbi halikuruka. Badala yake nilisikia maji, ule mlio wa kitu kizito kikiingia maji ya kina, halafu mshipi ukavutwa.

Usiniambie ni kichaka. Usiniambie ni fisi. Kichaka hakitikisi kichwa. Mshipi uliondoka kwa nguvu, rili ikalia, fimbo ikapinda mpaka ncha yake ikagusa mchanga. Nikachimbia visigino ardhini nikavuta, na kusema kweli, kabla hofu haijanifikia nilifurahi. Mvuvi ni mtu mjinga.

Kisha mshipi ukalegea. Kutoka kule uwandani alikuja mtu, anatembea pole pole, anaukunja mshipi wangu kati ya kiganja na kiwiko kama mtu anayekusanya kamba yake mwenyewe. Alikuwa amevaa kikoi. Hakuwa mzee wala kijana. Alikuwa mkavu kabisa, isipokuwa miguu, na kila alipokanyaga aliacha tope. Tope, Ngaremara, mwaka ule.

"Hujambo, mwanangu," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kimenyooka.

"Sijambo, mzee."

"Nimefuata mbuzi zangu."

Nikageuka. Mbuzi wa Mama walikuwa wameshatoka bomani, mchana ule, bila mchungaji. Walisimama wote wamemkabili yeye, kimya. Kengele ya bati ya yule wa mbele haikulia hata alipopiga hatua. Na nyuma ya yule mtu ule uwanda ninaoujua tangu utotoni ulikuwa unang'aa. Tumezoea mangati, yale maji ya uongo ya jua kali. Haya hayakuwa ya uongo, yalikuwa yanapanda na kushuka.

Akanieleza kwa upole, kama karani anavyomweleza mtu asiyejua kusoma. Wamelamba chumvi yake. Kinachokula chumvi yake ni chake. Hakuja kuiba, kwani hata yeye anajua desturi yetu: mnyama haondoki bomani mpaka anayempeana aitie kamba mkononi mwa anayepokea na kusema chukua. Ncha ya kamba alikuwa nayo tayari. Aliyewalambisha ni mimi, kwa mshipi wangu. Kilichobaki ni niachilie fimbo na niseme neno hilo moja.

Niliogopa. Sitakudanganya. Lakini nilipowatazama wale mbuzi nilimwona Mama akilini, ameketi bomani na kibuyu kisicho na kitu, na hasira ikanipanda kuliko hofu. Mtu anatoka baharini, mwenye samaki wote wale, anakuja kuchukua mbuzi wa bibi kizee wakati wa njaa?

"Hawa mbuzi ni wa mama yangu, mzee," nikamwambia. "Si wangu wa kupeana."

"Chumvi ilikuwa yangu."

"Na chubwi zangu je?" Wallahi, sijui maneno yalitoka wapi, na mimi ni Mkristo. "Miaka hiyo yote nimekuja kwako. Umeng'ang'ania chubwi zangu kwenye mawe, umekata mishipi yangu, umemeza ndoana na chambo. Mimi nimewahi kuja kukubishia hodi? Nimewahi kusema maji yako ni yangu kwa sababu yamekula risasi yangu? Ulipochukua, nilinyamaza. Mbuzi nao walilamba kidogo. Nyamaza na wewe."

Halafu akageuka na kuanza kutembea kurudi kwenye ule mng'ao, mshipi umemzunguka kiwiko, na mbuzi wakaanza kumfuata. Rili ikalia tena. Nilijua kwamba fimbo ikitoka mikononi mwangu nimeshapeana, hata kinywa kikinyamaza. Nikaushika mshipi kwa kiganja kitupu. Ulipita kwenye nyama mpaka mfupani. Nikamwita Mama kwa sauti yangu yote.

Mama alitoka. Yeye hakumwona yule mtu, wala maji hakuyaona. Aliona mbuzi wake wanakwenda na binti yake amekaa chini anavutana na hewa, damu inamtiririka mkononi. Alianza kuwaita, mmoja mmoja kwa jina lake, kwa ile sauti anayowaitia jioni kukamua. Wa mwisho akasimama, akageuka. Halafu wengine. Yule wa kengele alikuwa ameshafika pembeni ya maji, kwato zinalowa, na Mama akamwita, akamwita, akamwita. Kengele ikalia.

Hapo yule mtu akasimama pia, maji yakiwa kiunoni mwake. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. "Haya," akasema. "Basi kwangu hutapata kitu tena, hata dagaa. Na siku utakapoacha kurusha, nitajua umeachilia." Mshipi ukalegea. Kukabaki vumbi.

Wazee wa kanisa waliponifunga kile kiganja waliniambia nichome fimbo. Wenzangu kazini waliniambia niolewe. Kila mtu alikuwa na la kusema isipokuwa Mama, ambaye alinisuuzia mshipi wote kwa maji yake ya kunywa, debe zima.

Wale mbuzi waliuvuka ukame. Mvua iliporudi wakazaa, na majirani waliopoteza kila kitu Mama akawapa majike waanzie. Alishika kamba mwenyewe, akasema chukua mwenyewe. Leo ukipita Ngaremara ukaona mbuzi, wengi ni wa ukoo ule ule. Kwa hiyo hesabu mwenyewe ni maboma mangapi ninayoyashikilia ninapokwenda Malindi.

Maana naenda. Kila likizo nasimama gatini, natia chambo, narusha. Sijapata samaki hata mmoja tangu siku ile. Wa kushoto anavuta changu, wa kulia anavuta tewa, mimi navuta ndoana iliyosafishwa. Kuna saa mshipi unakazika taratibu, kama mtu anayepima kama bado nipo. Namkazia na mimi. Na nikizeeka? Nitaletewa kiti.

Wewe unayesikia haya, kama kuna mtu atakuja kwako kwa upole akitaka neno moja tu la kukubali, na kila kitu kingine ameshakipanga, usilitoe. Atakuwa na hoja nzuri kuliko zako. Usilitoe. Na ukinikuta gatini jua la mchana linaniunguza bure, usinihurumie, na tafadhali usiniambie niache. Leo asubuhi mama yangu amekunywa chai ya maziwa.